Dampo au Amana? Uhakiki wa Istilahi za Kunakili Kumbukumbu ya Mashine Pepe kwa Ajili ya Kusaka Hitilafu

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Kiswahili kinavyotaja tendo moja la kiufundi: kuchukua yote yaliyomo katika kumbukumbu ya mashine pepe na kuyaandika katika faili ili wataalamu wachunguze hitilafu. Hoja kuu ni kwamba istilahi zinazojitokeza kwa urahisi, yaani *kuhifadhi kumbukumbu*, *dampo la kumbukumbu* na *nakala ya hali*, huficha mambo matatu ambayo mtumiaji hana budi kuyajua: kilichomo ndani ya faili, lengo la kulitengeneza, na wajibu wa anayelishika. Makala inapendekeza istilahi *nakala ya uchunguzi*, na kusisitiza kwamba istilahi za TEHAMA zipimwe kwa matendo zinayomwongoza msomaji kuyatenda, si kwa ufupi wala kwa kulingana kwake na Kiingereza.

1.0 Utangulizi

Tuchukue sentensi hii: *Hifadhi kumbukumbu ya mashine katika faili*. Kisarufi haina kasoro. Upatanisho wa ngeli umezingatiwa, na hakuna neno ndani yake litakalomlazimisha msomaji wa kawaida kufungua kamusi. Hata hivyo, tukiwapa sentensi hii watu watatu, tutapata matendo matatu. Karani wa masjala atatafuta jalada na kuweka ndani yake hati za matengenezo ya mashine. Fundi wa mtandao atahakikisha kwamba orodha ya matukio ambayo mashine huandika kila siku imetunzwa mahali salama. Mhandisi wa mifumo atainakili kumbukumbu yote ya mashine, baiti kwa baiti, na kupata faili kubwa ambalo ndani yake huenda mna nywila na barua za watumiaji wote.

Sentensi inayozaa matendo matatu tofauti imeshindwa kazi yake, hata kama ni safi kisarufi. Uhakiki wa istilahi katika makongamano yetu umezoea kuuliza maswali mawili: je, neno hili ni la Kiswahili, na je, linakubalika? Makala hii inaongeza swali la tatu: je, neno hili linamwambia mtu anachokishika mkononi? Kwa faili tunalolizungumzia, swali hilo si la anasa.

2.0 Tendo Lenyewe

Kabla ya kulihakiki jina, inafaa tulieleze tendo. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina kichakataji chake, diski yake, kumbukumbu yake na mfumo endeshi wake, ingawa vyote hivyo vimegawiwa kutoka kwa kompyuta inayoibeba. Inayobeba huitwa mwenyeji. Inayobebwa huitwa mgeni.

Mgeni anaweza kukwama. Skrini haijibu, mtandao umekatika, na orodha ya matukio imeishia katikati bila kueleza chochote. Kompyuta ya kawaida inapofikia hali hiyo hulazimika kujieleza yenyewe ikiwa imekwisha kuanguka. Katika Linux, kwa mfano, utaratibu wa kdump huamsha kiini cha pili, kilichotengewa nafasi mapema, ili kiandike mabaki ya kiini cha kwanza. Mashine pepe haihitaji hayo. Mwenyeji yuko nje yake na anaweza kuisimamisha mahali ilipo, akasoma kumbukumbu yake yote, akaiandika katika faili. Mgonjwa haulizwi kitu.

Katika mifumo ya QEMU na KVM inayosimamiwa kwa libvirt, kazi hiyo hufanywa kwa amri ya `virsh dump`. Ikiongezewa kigezo cha `--memory-only`, amri hiyo hutoa faili lenye kumbukumbu ya mgeni pamoja na hali ya rejista za kichakataji, kwa umbo ambalo zana za uchunguzi zinalifahamu. VirtualBox ina amri yake, `dumpvmcore`, yenye lengo lilo hilo. Mashine iliyogawiwa kumbukumbu ya gigabaiti 8 itatoa faili la ukubwa unaokaribia huo, lisipobanwa. Baadaye mtaalamu hulifungua kwa zana kama crash, akiwa na nakala ya kiini yenye majina ya sehemu zake zote. Hapo ataona ni michakato gani ilikuwa hai, kila mmoja ulikuwa umeita nini, ni upi ulishika kufuli na ni upi ulikuwa ukilisubiri.

Thamani ya kusimamisha kwanza na kunakili baadaye huonekana tukilinganisha na zana zinazosoma kumbukumbu kutoka ndani ya mashine inayoendelea na kazi, kama LiME. Kwa zana hizo, kurasa za mwanzo za faili na zile za mwisho si za wakati mmoja, kwa sababu mashine ilikuwa ikibadilika huku ikinakiliwa. Faili lililotolewa na mwenyeji kwa mgeni aliyesimamishwa ni la wakati mmoja kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ndiyo maana wachunguzi huliamini.

Sifa moja ya faili hili itatuongoza katika sehemu zinazofuata: halichagui. Orodha ya matukio huandikwa na programu, na programu huandika yale ambayo mtunzi wake aliyaona yanafaa kuandikwa. Faili la kumbukumbu halina mtunzi wa aina hiyo. Limebeba kosa linalotafutwa, limebeba pia barua ambayo mtumiaji alikuwa akiiandika, na ufunguo uliokuwa ukifungua diski.

3.0 Mzigo wa Neno *Kumbukumbu*

Neno *kumbukumbu* ni miongoni mwa maneno yanayofanya kazi nyingi kupita kiasi katika Kiswahili cha leo. Uwezo wa binadamu wa kukumbuka ni kumbukumbu. Muhtasari wa kikao ni kumbukumbu. Barua ya serikali ina namba ya kumbukumbu. Siku ya kuwaenzi mashujaa ni kumbukumbu. Kitabu cha tano cha Biblia ni Kumbukumbu la Torati. TEHAMA ilipohitaji jina la sehemu ya kompyuta inayoshikilia data wakati kazi ikiendelea, ilichukua neno hilohilo; ilipohitaji jina la orodha ya matukio ya mfumo, mara nyingi ilirudi palepale.

Wingi wa maana si dhambi. Lugha zote huishi kwa kutumia neno moja mahali pengi, na muktadha hutenganisha. Lakini hapa muktadha hautenganishi, kwa kuwa maana zinazogongana zinakaa katika chumba kimoja. Fundi anayeambiwa *tuma kumbukumbu za seva* anaweza kutuma orodha ya matukio, ambayo kwa kawaida haina madhara makubwa, au kutuma kumbukumbu yenyewe, ambayo ina kila kitu. Kitenzi *kuhifadhi* hakisaidii. Anayehifadhi Kurani ameiweka moyoni. Anayehifadhi hati ameiweka kabatini. Anayehifadhi msitu ameuzuia usiguswe. *Kuhifadhi kumbukumbu* ni maneno mawili ambayo kila moja linaweza kusimama mahali pa jingine.

Dawa inayopendekezwa hapa ni kugawa kazi. *Kumbukumbu*, katika matini za TEHAMA, ibaki kuwa jina la sehemu inayoshikilia data wakati mashine ikifanya kazi na ambayo kwa kawaida hufutika umeme ukikatika. *Hifadhi* iwe ya diski. Orodha ya matukio irudishiwe neno la mabaharia, *batli*, ambalo tangu zamani limekuwa jina la kitabu cha nahodha cha kuandikia mambo ya safari. Batli ya mfumo ni sawasawa na batli ya chombo: huandikwa na aliye ndani, kwa mpangilio wa wakati, na huandikwa anachokiona yeye. Anayesoma *batli* hatadhani kwamba anasoma kumbukumbu.

4.0 *Dampo*: Neno Lililokwisha Kuwa na Kazi Nyingine

Istilahi ya pili, *dampo la kumbukumbu*, inavutia kwa sababu inafanana kwa sauti na ile ya Kiingereza, na kwa sababu neno lenyewe limekwisha kuingia katika Kiswahili. Tatizo ni kwamba liliingia kwa mlango mwingine. Mkazi wa Nairobi anaposikia *dampo* anafikiria Dandora. Wa Dar es Salaam anafikiria Pugu Kinyamwezi, na mwenzake wa Kampala akilielewa neno hilo atafikiria Kiteezi. Dampo ni jalala: mahali pa kupeleka vitu ambavyo mwenyewe havihitaji tena, visivyo na mlinzi wa siri zake, na ambapo yeyote mwenye subira anaweza kupekua.

Hapa atatokea mtetezi aseme kwamba hata Waingereza walianza na picha hiyohiyo ya kumwaga mzigo. Ni kweli, na ndiyo sababu hatupaswi kuifuata. Istilahi za Kiingereza katika eneo hili hazikuundwa kwa mantiki; ni mabaki ya historia. Faili hili katika Kiingereza bado linabeba jina la vipete vidogo vya sumaku vilivyotumika kuwa kumbukumbu za kompyuta kuanzia miaka ya 1950, ambavyo vilifungwa katika mashine ya Whirlwind huko MIT mwaka 1953. Vipete hivyo vilitoweka zamani, jina limebaki. Mwingereza aliyezoea haoni tena vipete wala mzigo uliomwagwa, kwa kuwa matumizi yamelisugua neno hadi likapoteza sura. Kwa msomaji wa Kiswahili, *dampo* halijasuguliwa. Bado linanuka.

Na harufu hiyo ina matokeo. Kinachoitwa taka hushughulikiwa kama taka. Faili linaloitwa dampo litaachwa katika folda ya muda, litanakiliwa katika diski ya mkononi, litatumwa kwa fundi wa kampuni iliyouza programu, na hakuna atakayeuliza lilifutwa lini. Mfano ulio wazi ni wa Microsoft. Mwaka 2023 ilibainika kwamba wadukuzi walitumia ufunguo wa kutia saini wa kampuni hiyo kuingia katika barua pepe za taasisi zipatazo 25. Septemba mwaka huo kampuni ilieleza kwamba, kwa maoni yake, ufunguo huo ulitoka katika faili la kumbukumbu lililotengenezwa mfumo ulipoanguka Aprili 2021, na ambalo baadaye lilihamishwa kutoka mtandao uliotengwa hadi katika mazingira ya kusakia hitilafu yaliyounganishwa na intaneti. Machi 2024 kampuni ilirekebisha maelezo yake na kusema haijapata faili lolote la aina hiyo lenye ufunguo husika.

Marekebisho hayo hayaondoi funzo, yanaliongezea uzito. Kampuni yenye wahandisi wengi kiasi hicho ilipotafuta maelezo ya namna siri yake kuu ilivyotoka, faili la uchunguzi lilikuwa mshukiwa wa kuaminika. Na ilipolitafuta faili lenyewe, haikulipata. Vitu vinavyoitwa taka havina daftari la kupokelea.

5.0 *Nakala ya Hali*: Neno Sahihi kwa Tendo Jingine

Istilahi ya tatu, *nakala ya hali*, ina adabu zaidi. Haitukani faili wala haichanganyi masjala na kichakataji. Kasoro yake ni kwamba inaunganisha matendo mawili yanayofanana kwa umbo na kutofautiana kwa nia.

Katika libvirt, amri ya `virsh save` nayo huandika kumbukumbu ya mgeni katika faili. Lakini baada ya hapo mashine husimama, na faili husubiri amri ya `virsh restore` ili mgeni aamke pale alipolala. Hiyo ni nakala ya kurudia uhai. `virsh dump` huandika faili la kuchunguzwa. Mtumiaji asipoagiza vinginevyo, mashine yenyewe huendelea na kazi baada ya faili kukamilika. Moja ni ya kurejesha, nyingine ni ya kuchungua. Ya kwanza hutumika kisha ikaisha; ya pili husomwa na watu, wakati mwingine watu wengi, katika mashine nyingine na pengine katika nchi nyingine. Ulinzi unaohitajika haufanani.

Kwa hiyo makala inapendekeza jozi: *nakala ya urejeshaji* kwa tendo la kwanza na *nakala ya uchunguzi* kwa la pili. Neno *uchunguzi* limekwisha kujijengea heshima katika Kiswahili. Tunalisikia hospitalini, mahakamani na polisi, na kote huko linaashiria kwamba kuna anayeruhusiwa kuchungua na asiyeruhusiwa. Sampuli ya damu iliyochukuliwa kwa uchunguzi haiachwi juu ya meza. Msomaji hahitaji kufundishwa hilo, neno linamfundisha.

6.0 Mgeni, Mwenyeji na Amana

Majina *mgeni* na *mwenyeji* yameingia katika TEHAMA kwa tafsiri ya moja kwa moja, na kwa mara hii tafsiri hiyo imetuletea zaidi ya ilivyokusudia. Kwa Waswahili ugeni ni mkataba. Tunaposema *mgeni njoo, mwenyeji apone*, tunataja pande mbili zinazofaidiana na kuwajibikiana. Mwenyeji humlinda mgeni. Hapekui mizigo yake wakati amelala.

Lakini katika mashine pepe, mwenyeji anaweza kufanya hivyo hasa, na mgeni hatajua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata imeshikwa na mtoa huduma. Wahandisi wameanza kulitambua tatizo hilo: teknolojia ya AMD iitwayo SEV husimba kumbukumbu ya mgeni kwa ufunguo ambao mwenyeji haupati, hivi kwamba anayenakili kutoka nje huambulia msimbo usiosomeka. Ni sawa na mgeni kupewa kufuli la sanduku lake. Lakini kufuli hilo humzuia pia tabibu, kwa kuwa uchunguzi wa nje uliosifiwa katika sehemu ya pili haufanyiki tena bila ridhaa ya mgeni.

Njia ya kati ipo. Zana ya makedumpfile huweza kuacha nje kurasa tupu na hata kurasa za data za watumiaji, ikabakiza zile za kiini. Hilo hupunguza ukubwa na hatari kwa pamoja. Hatari haiishi, kwa kuwa kiini chenyewe hushika funguo za diski zilizosimbwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba funguo za aina hiyo zinaweza kusomwa hata katika vipande vya kumbukumbu vya kompyuta iliyozimwa punde, kabla data haijafifia. Ikiwa kipande kilichokatiwa umeme kinasema, faili lililokaa katika diski kwa miezi litasema zaidi.

Sheria nazo zimekwisha kufika. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Nakala ya kumbukumbu ya seva ya hospitali ina taarifa binafsi za wagonjwa, na kwa hiyo si mali ya fundi aliyeitengeneza. Kiswahili kina neno la zamani kwa kitu unachokishika bila kukimiliki: *amana*. Makala haipendekezi *amana* iwe istilahi. Inapendekeza iwe kipimo. Istilahi inayomfanya mtu alichukulie faili hili kama amana inafaa. Inayomfanya alione kuwa taka haifai, hata kama ni fupi na inafanana na ya wenzetu.

7.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni kwamba wahandisi wanajua wanachokifanya, na majina hayawahusu wengine. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama faili lingebaki mikononi mwa wahandisi. Halibaki. Mkuu wa idara huombwa idhini ya kulituma nje. Mkaguzi huuliza lilipo. Wakili au hakimu huweza kuletewa kama ushahidi. Barua inayosema *tunaomba kutuma dampo kwa mtengenezaji* itatiwa saini kabla chai haijapoa. Barua inayosema *tunaomba kutuma nakala ya uchunguzi yenye kumbukumbu yote ya seva ya wagonjwa* itazaa maswali: nani atalisoma, kwa muda gani, na litafutwaje? Maswali hayo ndiyo ulinzi wa kwanza, nao huanzia katika nomino.

Pingamizi la pili ni urefu. *Nakala ya uchunguzi* ina maneno matatu ambapo Kiingereza hutosheka na mawili mafupi. Jibu ni kwamba istilahi ndefu hufupishwa na matumizi, ilhali istilahi potofu huzoeleka na matumizi. Ni rahisi kuupunguza urefu kuliko kuing'oa maana mbaya iliyokwisha kuota mizizi. Kwa sababu hiyohiyo makala haidai kubadilisha *mashine pepe*. *Pepe* ni pia punje ya nafaka isiyo na kiini, na mhakiki angeweza kulalamika kwamba mashine hii ina kiini tena kinachochunguzwa. Lakini *barua pepe* imekwisha kumzoesha msomaji maana mpya, na hakuna anayedhurika. Mbadala wake, *mashine ya mtandaoni*, ndio wa kukataliwa, kwa kuwa mashine pepe hufanya kazi hata pasipo mtandao wowote, na anayedhani kwamba kuukata mtandao kumelinda kumbukumbu yake amedanganywa na jina.

8.0 Hitimisho

Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda ilikifanya rasmi kwa sheria mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likakiidhinisha Julai 2022. Hadhi hiyo ina maana kwamba miongozo ya mifumo ya umma itaandikwa kwa Kiswahili kwa wasomaji ambao wengi wao hawatakuwa na matini ya Kiingereza pembeni ya kusahihishia. Kwao neno la Kiswahili ndilo agizo lenyewe.

Makala inapendekeza kwa waundaji wa istilahi na walimu wa TEHAMA mambo matatu. Kwanza, *kumbukumbu*, *hifadhi* na *batli* zitenganishwe na zisibadilishane nafasi katika matini moja. Pili, *nakala ya uchunguzi* na *nakala ya urejeshaji* zichukue nafasi ya *dampo* na *nakala ya hali*. Tatu, kila istilahi mpya ijaribiwe kwa kupewa karani, fundi na mhandisi, kila mmoja peke yake, kisha itazamwe watakachokifanya. Wakitenda matendo matatu tofauti, istilahi irudishwe mezani kabla haijachapishwa.